Kuwapeleka vijana Shimba Hills kwa miguu: ndovu, nyoka na nyani, tujiandae vipi?

BintiKibokoni ameuliza:

Assalam alaykum wenzangu. Mie ni mwalimu wa madrasa hapa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, na kila likizo ya Agosti tunawatoa vijana wetu nje ya mji japo siku moja, wapate kuona kitu kisichokuwa simu na ukuta wa jirani. Mwaka huu wamechagua wenyewe: Shimba Hills, ile hifadhi ya wanyama kule Kwale, kuteremka kwa miguu mpaka maporomoko ya Sheldrick. Ni vijana 14, mdogo ana miaka 12 na mkubwa 17, wasichana tisa na wavulana watano. Wakubwa tutakuwa wawili tu, mie na mwalimu mwenzangu.

Naogopa, na sababu ninayo. Mwaka juzi tulikwenda matembezi ya msituni, sehemu nyengine hapa hapa pwani, na kijana mmoja aliyejitia kuwa mtembezaji. Tulipofika kwenye njia nyembamba tukasikia matawi yakivunjika. Mnyama mwenyewe hatukumuona. Yule kijana akapiga ukelele, "Ndovu!", akatangulia yeye mbio. Watoto wakatawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe. Ilinichukua karibu saa nzima kuwakusanya. Wa mwisho kupatikana alikuwa Z., wakati huo ana miaka 11, tulimkuta amejikunyata ndani ya kichaka cha miiba, kiatu kimoja hana, anatusikia tunavyomwita na sauti ya kuitika haimtoki. Mpaka leo sijui kama kweli alikuwepo ndovu.

Mwaka huu Z. ndiye aliyejiandikisha wa kwanza. Mamake amekuja mpaka mlangoni kwangu akanambia maneno matatu tu: "Mwalimu, nirudishie mwanangu."

Sasa kila nimuulizaye ana lake. Mmoja ati ndovu akija kimbia kwa kupinda pinda, mwengine ati panda mti, mwengine ati kimbilia mteremkoni kwa sababu ndovu hawezi kushuka. Mjomba wangu amenipa jiwe la nyoka nilitie mkobani. Naomba anayeijua Shimba kwa miguu yake mwenyewe aniambie lipi kweli na lipi hekaya. Na mavazi je? Wasichana wetu huvaa buibui. Chakula tubebe vipi, maana nasikia nyani wa kule hawana simile? Natanguliza shukrani.

MzeeGolini amejibu:

Wa alaykum salaam mwalimu. Maneno ya mamake Z. yamenikaa, kwa hivyo nitakujibu kwa urefu, unistahimilie.

Mie ni mtu wa Golini, Kwale. Hifadhi ilipotangazwa 1968 nilikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Baadaye nimetembeza watu kwa miguu, Shimba na Mwaluganje, hifadhi ya ndovu jirani yake, zaidi ya miaka ishirini mpaka magoti yaliponiambia basi.

Nianze na lile la mwaka juzi, maana ndilo kubwa kuliko yote uliyouliza. Hatari ya siku ile haikuwa ndovu, awe alikuwepo au hakuwepo. Hatari ilikuwa watoto wako kuwa mahali kumi kwa wakati mmoja. Watu walioshikamana, mnyama huwaona kitu kimoja kikubwa, huwapima, na mara nyingi huwaachia njia. Wakitawanyika, mmoja atakwenda kuangukia penye nyoka, na mwengine ataingia katikati ya mama na mtoto wake bila kujua. Hapo katikati ndipo watu wanapofia.

Kwa hivyo kazi ya kwanza mnaifanya huko huko Kibokoni, kabla ya safari. Wapangeni vijana uani, mmoja nyuma ya mwenziwe, mdogo kashikanishwa na mkubwa. Waambie: mkono ukiinuka, kila mtu anaganda alipo, mguu uliopo hewani unashuka taratibu, na hakuna kuuliza kwa nini. Wafanyisheni siku tatu mpaka iwe mchezo. Mie nilikuwa nikifanya hivyo na wageni watu wazima pale mlangoni, na wengine walinuna, lakini sikuwahi kumpeleka chini mtu asiyejua kusimama.

Kule hamtateremka peke yenu. Njia ya Sheldrick mnaongozwa na askari wa KWS, shirika la wanyamapori, mwenye bunduki, na kwa watu 16 ombeni wawili mapema, siku kadhaa kabla, msingoje kufika mlangoni. Mmoja mbele, mmoja nyuma, wewe na mwenzako katikati. Asiwepo wa kumpita askari wa mbele, hata kama maporomoko yanasikika. Ni kama kilomita mbili kushuka, na maji yenyewe yanaanguka kama mita 21. Kupanda kurudi ndiko kunakochosha, na mtu aliyechoka hatazami anapokanyaga. Pandeni polepole.

Sasa upepo. Nyinyi watu wa kisiwani upepo mmezaliwa nao, mnajua kusi na kaskazi kabla ya kujua kusoma. Basi ujuzi huo huo unatumika msituni. Agosti ni kusi. Ndovu haoni mbali, lakini pua yake haina mfano. Upepo ukitoka mgongoni kwenu kwenda mbele, amekwisha kujua mnakuja kitambo, na akitaka kujitenga atajitenga. Upepo ukiwapiga usoni, harufu yenu inabaki nyuma yenu, naye hana habari mpaka mmeshamfikia. Mie nilikuwa na kitambaa kidogo nimefunga majivu ya jikoni. Kila kona nakitikisa mara moja, natazama vumbi linaelekea wapi. Upepo ukinipiga usoni na vichaka vimesongamana, naanza kuongea na wageni kwa sauti ya kawaida, kama watu wanaotoka msikitini. Wengi hudhani msituni ni kunong'ona tu. Kunong'ona ni kwa anayemtafuta mnyama ampige picha. Aliye na watoto anataka mnyama ajue mapema kwamba kuna watu.

Sio kelele lakini, wala sio muziki wa simu. Masikio yenu mnayahitaji pia.

Nikuhadithie siku moja. Nilikuwa na wageni wawili, asubuhi, ukungu haujaondoka, na upepo unatupiga usoni. Nikakuta kinyesi njiani. Nje kinameta. Nikakivunja kwa kijiti, ndani kikatoa mvuke, na wale dundu weusi wanaoviringisha kinyesi hawajafika hata mmoja. Maana yake dakika, sio masaa. (Kinyesi hicho hicho, kikikauka, kina mama wa Mwaluganje wamekifanyia karatasi.) Nikainua mkono. Tukasimama. Ndipo nikasikia: mngurumo wa chini sana, kama lori lililowashwa injini likingojea feri Likoni, husikii kwa sikio tu, wasikia kifuani. Hiyo ni sauti ya ndovu wanavyosemezana. Hatua kama ishirini mbele yetu, kitu nilichokuwa nikikidhania kivuli cha mti kikatikisa sikio.

Alikuwa jike, na nyuma yake mtoto. Nikaanza kurudi nyuma hatua kwa hatua, uso kwake, mkono wangu ukiwasukuma wageni nyuma yangu. Tungeondoka bila yeye kujua. Lakini mgeni mmoja akatoka pembeni hatua mbili apate kumpiga picha mtoto. Jike akatugeukia. Kichwa juu, masikio kayatandaza, akapiga mguu vumbi likaruka, akaja. Nikamwambia yule mgeni, "Simama!" Mie nikasimama, nikaanza kumsemesha yule jike kwa sauti ya chini, wala sikumbuki nilisema nini. Akasita hatua kama kumi kutoka kwetu, akatikisa kichwa, na masikio yale yakapiga shingoni mlio wa tanga lililoshikwa na upepo vibaya. Kisha akarudi kwa mwanawe. Tuliokoka kwa sababu mtoto alikuwa upande wake. Angekuwa upande wetu, nisingekuwa naandika hapa.

Lile lilikuwa shambulio la kutishia tu, na aghlabu ndivyo linavyokuwa: masikio wazi, kelele, vumbi, kichwa juu. Ukikimbia hapo unamwita akufuate. Anayekuja kwa kweli mara nyingi huja kimya, kichwa kainamisha, masikio kayabana, mkonga kaukunja. Wa hivyo mwachie askari, na fanya atakalosema papo hapo. Ikiwa ni kukimbia, ni kwenda nyuma ya mti mkubwa au mwamba, na utupe njiani mkoba au lesso, wakati mwengine husimama kukishughulikia kile kitu na wewe ukapata nafasi. Kupinda pinda hakunusuru, yeye ana mbio kukushinda. Mteremko anaushuka vizuri kabisa, nimewaona kwa macho yangu. Kupanda mti, sawa ikiwa upo na ni mnene na unajua kupanda, lakini watoto 14 hawapandi mti mmoja.

Mbogo namhofia kuliko ndovu. Ndovu hukuonya, mbogo dume aliyezeeka, aliyetengwa na kundi, hulala kichakani mpaka ukamkaribia ndipo akainuka. Dalili yake ni wale ndege wadogo wa mdomo mwekundu wanaomla kupe mgongoni. Mkisikia wameruka kwa ghafla na kulia ndani ya kichaka ambacho hamuoni kitu, simameni, mrudi. Chui yupo, atawaona nyinyi, nyinyi hamtamuona. Mkikutana naye, msikimbie na msimkazie macho, rudini nyuma taratibu.

Mkibahatika mtaona palahala, yule swala mkubwa wa pembe ndefu zilizopinda nyuma. Kenya nzima yuko hapa tu. Mtazameni kwa mbali.

Nyani: chakula chote kibaki garini, madirisha yamefungwa, mle mkirudi. Shukeni na maji peke yake, katika chupa, sio katika mfuko wa plastiki, maana mlio wa mfuko wameshaujua. Watoto wasimchekee nyani kwa meno, kwake meno ni ugomvi. Akishanyakua kitu, kimekwenda, asiwepo wa kukivuta.

Buibui nakuomba waliache siku hiyo, na sababu yangu sio miiba tu. Shimba kuna mbung'o. Mbung'o hufuata rangi nyeusi na buluu, ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Ana uchungu, na mtoto anayejipiga piga mwilini hasikilizi. Suruali pana, kanzu fupi ya mikono mirefu, mtandio uliofungwa vizuri, rangi ya majani makavu au kijani kibichi. Soksi nje ya suruali kwa ajili ya kupe. Viatu raba zilizofungwa kamba, champali hapana, hata kwa dakika moja ya kwenda nyuma ya gari.

KijanaWaNyali amejibu:

Mwalimu mie ningekushauri mbebe fataki chache pamoja na ile pembe ya mpirani. Binamu yangu analima upande wa Kwale, ndovu wakiingia shambani usiku hupigiwa madebe na kurushiwa vijinga vya moto, huondoka. Kelele ndio dawa yao.

MzeeGolini amejibu:

Mwanangu, binamu yako usiku yuko shambani kwake na ndovu ana msitu mzima wa kurudia. Ni vita vya mtu na mahindi yake, na nimevipigana mwenyewe kabla ya ua wa umeme. Kwenye njia ya Sheldrick nyinyi ndio mko ndani ya nyumba yake, na bonde lile ni jembamba. Ukipasua fataki, kundi lenye watoto hukimbia popote, na popote hapo ni pamoja na mlipo. Tena yule aliyefukuzwa leo atamkumbuka mtu kwa ubaya, na kesho watakaoshuka ni watoto wa mwengine.

2005 ndovu wengi walihamishwa kutoka Shimba kupelekwa Tsavo Mashariki kwa kuwa walikuwa wamezidi eneo. Niliwaona wakipakiwa kwenye malori wamelazwa usingizi. Waliobaki wanatujua sisi kuliko tunavyowajua. Fataki acheni nyumbani.

MuuguziKusini amejibu:

Mzee kamaliza ya ndovu, naomba niseme ya nyoka, kwa sababu hayo ndiyo ninayoyapokea kazini. Mimi ni muuguzi upande wa Kwale.

Mwalimu, lile jiwe la mjomba liache kabatini. Najua wazee wetu wanaliamini, na sitaki kumvunjia heshima mjomba. Jiwe lile hunata kwenye jeraha kwa sababu lina vitundu vidogo vidogo vinavyofyonza unyevu, basi. Sumu ikishaingia haiko pale juu tena. Ninachokiona mimi ni mgonjwa aliyekaa na jiwe masaa manne nyumbani, mguu umefura mpaka pajani, ndipo analetwa.

Wengi wanaoumwa huku huumwa na moma, yule mfupi mnene ambaye wengine humwita bafe au kifutu. Hakimbii. Analala njiani rangi moja na majani makavu, anasubiri, anayemkanyaga ndiye anayeumwa. Ndiyo maana mzee amesema raba na suruali pana. Gogo likilala njiani msiliruke: kanyaga juu yake, tazama upande wa pili, ndipo ushuke. Mkono usiingie mahali jicho halijaingia, na kwenye mawe ya maporomoko watoto hupenda sana kushika shika.

Mtu akiumwa, kwanza wote waondoke pale alipo nyoka, wala msimfukuze wala msimuue, wengine huumwa wa pili hapo hapo. Mvueni pete, bangili, saa na kiatu kabla mguu haujafura. Mguu ufungeni kama uliovunjika, kijiti pembeni na lesso kuzunguka, usitikisike. Sio kwa kukaza! Kamba ya kukaza nimeona ikimpotezea mtoto mguu ambao sumu peke yake isingeuchukua. Msichanje, msifyonze, msipake mafuta ya taa. Abebwe, asitembee. Andikeni saa aliyoumwa kwa kalamu mkononi mwake, sisi tunaihitaji sana. Na njia nzima mtazameni macho na usemi: kope zikianza kulegea au maneno yakimwia mazito, hiyo inaweza kuwa sumu ya koboko, na sumu hiyo huzima pumzi. Mlazeni ubavu, msimpe kula wala kunywa, na dereva asisimame popote.

Swila akimtemea mtu macho, ni maji, maji mengi, dakika 15 au zaidi, jicho likiwa wazi. Asilisugue. Kisha hospitali.

Kabla ya safari pigeni simu hospitali mnayodhani mtaielekea, muulize siku hiyo dawa ya sumu ya nyoka ipo au haipo. Haipatikani kila mahali, na ni dawa ya kutiwa hospitalini tu kwa sababu yenyewe inaweza kumdhuru mgonjwa vibaya asipoangaliwa. Swali la dakika mbili linaweza kuwaokolea saa nzima ya kuzunguka.

Nyuki nao. Siku hiyo asijipake mtu manukato, wala nguo zisifukizwe udi. Wakichokozeka hakuna kuganda, hapo ndipo pa kukimbia, uso umefunikwa kwa mtandio, moja kwa moja mpaka mahali pa kufungika, na sio majini, watawangoja juu. Miiba iondoeni upesi kwa ukucha. Waulizeni wazazi nani ana pumu na nani aliwahi kufura kwa nyuki.

Na nyani akimkwaruza au kumng'ata mtoto, hata kidogo, osheni kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa sindano za kichaa cha mbwa. Msingoje kesho.

BintiKibokoni amejibu:

Mzee wangu, shikamoo. Dada muuguzi, Mungu akulipe kheri. Nimezisoma zote mara mbili na nimemsomea mwenzangu. Jiwe nimelirudisha kwa adabu. Wazazi wa watoto wawili wamenambia wana wao wana pumu, jambo ambalo sikulijua miaka yote hii.

Swali moja limebaki, la Z. Juzi tulipofanya mazoezi uani, nilipoinua mkono wote waliganda, yeye akakimbia. Akasimama langoni analia kwa kujionea haya. Nimwache asiende?

MzeeGolini amejibu:

Marahaba mwalimu.

Usimwache. Lakini usimweke katikati ya msururu ambako haoni kitu ila mgongo wa mwenziwe. Mtoto wa namna hiyo huogopa asichokiona. Mweke nyuma yako wewe, mara tu baada ya askari wa mbele, na mpe ncha ya lesso yako aishike. Umwambie kazi yake sio kutoogopa, kazi yake ni kutoiachia ile lesso. Fanyeni hivyo uani mara nyingi kadiri atakavyotaka yeye.

Na mumwambie askari habari yake kabla hamjaanza, asije akamfanyia mzaha.

BintiKibokoni amejibu, wiki tatu baadaye:

Assalam alaykum. Nilisema nitaleta habari, nazo hizi.

Tulivuka feri alfajiri, tukapitia Kombani, Kwale tukaikuta bado ina ukungu na baridi ambayo watoto wa kisiwani hawakuitegemea. Tulipewa askari wawili. Nilimtaja Z. kwa yule wa mbele, mtu mzima, akamsalimia kwa mkono na kumuuliza jina. Mbung'o walikuwepo, na msichana mmoja aliyekataa kuvua koti lake la buluu alilivua mwenyewe baada ya robo saa.

Tulikuwa tumeshuka kama nusu ya njia. Askari akainama, kinyesi. Akakivunja. Nikauona ule mvuke, mzee, kama ulivyoandika. Akainua mkono, nami nikainua wangu, na nyuma yangu viatu vyote vikanyamaza kwa pamoja. Lesso yangu ikakazwa mpaka ikanibana shingoni. Sikugeuka. Kisha nikausikia ule mngurumo wa lori kifuani, na mbele yetu, chini kidogo ya njia, majani yakaanza kuyumba na hakuna upepo. Wakapita watano, mmoja baada ya mwengine, wa mwisho mdogo sana, anatembea karibu na mguu wa mamake kiasi kwamba nilidhani atakanyagwa. Hawakutazama tulipo. Tuligandia pale, askari akatuambia baadaye ni dakika 25. Hakuna mtoto aliyekohoa, hata wale wa pumu.

Walipopita, askari alisikiliza kitambo, akatikisa kichwa. Akasema wameelekea majini, huko huko tuendako sisi, na yeye hatupeleki. Tukarudi. Wavulana wawili walinuna na mmoja akalia, kwa kuwa sauti ya maporomoko tulikuwa tunaisikia. Tukala mahamri na mbaazi zetu nje ya lango, madirisha yamefungwa, nyani mmoja kakaa juu ya ukuta anatuhesabia.

Mamake Z. alikuwa anatungoja kwenye feri ya Likoni, upande wa kisiwani, kasimama pale watu wanapotoka kwenye feri. Z. alikuwa bado kashika ncha ya lesso yangu. La kwanza kumwambia mamake lilikuwa, "Mama, hatukuyaona maporomoko." Mamake akasema, "Alhamdulillahi," akamkumbatia na lesso na yote, ikabidi nisogee nao.

Vijana wanataka kurudi Desemba, Z. ameshaandika jina. Mzee, kaskazi ikianza, kwenye ile njia upepo utatupata usoni au mgongoni, na ni saa ngapi bora ya kuteremka?